Kuandaa ikisiri ya kongamano la magonjwa ya lisosomu kutoka wodi za Uganda

Daktari wa watoto wa Mulago, Mbarara au Gulu anayetaka kuwasilisha kazi yake katika kongamano la kimataifa kuhusu magonjwa ya kurithi ya lisosomu (vifuko vidogo ndani ya seli vinavyovunjavunja mabaki) hana budi kuanza na sampuli, si na tiketi ya ndege. Magonjwa haya, ambayo aina zake zinazidi 50, mara nyingi hutokea pale hitilafu ya jeni inapoufanya mwili ukose kimeng'enya fulani cha kuvunjavunja mabaki ndani ya seli, au uwe nacho kwa kiasi kidogo mno, na mabaki hayo yakarundikana katika ini, wengu, mifupa, moyo au ubongo. Kamati inayochagua kazi haitaridhika na dalili peke yake. Itataka kuona kipimo cha kimeng'enya au jeni.

Chagua kwanza kongamano, kwa kuwa kalenda yake ndiyo itakayopanga kazi yako. WORLDSymposium hufanyika Marekani kila mwaka mwezi Februari, na ikisiri zake, yaani muhtasari wa kila utafiti, huchapishwa katika jarida la Molecular Genetics and Metabolism. Mkutano wa mwaka wa chama cha SSIEM, ambao kwa kawaida huwa kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba, hugusa magonjwa yote ya kurithi ya umetaboli (namna mwili unavyojenga na kuvunja kemikali zake), hivyo unamfaa zaidi mtu ambaye bado anatafuta mwelekeo. Mikutano ya ESGLD, kundi la Ulaya linalochunguza magonjwa ya lisosomu, huelemea zaidi kwenye biolojia ya seli, na daktari wa wodini huenda akajiona mgeni humo. Tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri hutangulia mkutano kwa miezi kadhaa. Ihesabu kurudi nyuma kuanzia hapo.

Linalofuata ni swali la utafiti, na hapa ndipo Uganda ina jambo la kusema. Katika nchi yenye malaria ya mwaka mzima, kichocho kando ya Ziwa Albert na mto Nile, na selimundu katika wilaya nyingi, mtoto mwenye wengu mkubwa huwa na maelezo tayari kabla hajafika kwa daktari. Ugonjwa wa Gaucher, mmojawapo wa magonjwa ya lisosomu, nao huvimbisha wengu, hupunguza damu na chembe za kugandisha damu, na huleta maumivu ya mifupa yanayofanana na yale ya selimundu. Swali kama “miongoni mwa watoto ambao wengu wao haukupungua baada ya matibabu ya malaria na kichocho, na ambao hawana selimundu, ni wangapi wenye upungufu wa kimeng'enya cha Gaucher?” lina uzito kuliko kisa kimoja kilichosimuliwa kwa urefu. Hata jibu la “hatukumpata hata mmoja” linafaa kuwasilishwa, mradi idadi ya waliopimwa na namna walivyochaguliwa vielezwe waziwazi.

Kwa sampuli, tumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu. Maabara za Uganda zinaifahamu kazi hii: ndiyo njia ya kuwapima VVU watoto wachanga, na sampuli za aina hiyo ndizo zilizotumika katika utafiti wa kitaifa wa selimundu wa 2014 na 2015, uliokuta takriban asilimia 13 ya watoto waliopimwa wakiwa wabebaji wa jeni yake. Hata hivyo, mazoea ya kipimo cha VVU yanaweza kukuponza. Chembechembe za urithi, ambazo ndizo zinazotafutwa na kipimo hicho, hustahimili joto, ilhali vimeng'enya huharibika upesi kwa joto na unyevu. Acha karatasi ikauke kwa saa tatu au nne kivulini, pasipo kuianika juani wala kuipuliza hewa ya moto, kisha ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, na uihifadhi kwenye baridi hadi isafirishwe. Peleka pia sampuli za watoto wasio na ugonjwa, zilizokusanywa siku ileile na kusafirishwa katika bahasha ileile. Pasipo hizo, hutajua kama kiwango cha chini kimetokana na ugonjwa au na safari.

Kiwango cha chini chenyewe hakitoshi. Kwa ugonjwa wa mukopolisakaridi aina ya kwanza, ambao nao ni wa lisosomu na hubadili sura na mifupa ya mtoto, kuna mabadiliko ya jeni, mengine yakiwa ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo hushusha kipimo cha kimeng'enya katika maabara ingawa mtoto ni mzima. Thibitisha kwa kupima mabaki yaliyorundikana, katika mkojo au damu, na kwa kusoma jeni. Orodha za mabadiliko ya jeni zimejengwa zaidi na sampuli za watu wa asili ya Ulaya: mwaka 2023, utafiti uliowahusisha wagonjwa wa Nigeria ulionyesha badiliko katika GBA1, jeni ileile ya Gaucher, linaloongeza hatari ya ugonjwa wa Parkinson na ambalo ni nadra sana Ulaya.

Vibali huchukua muda mrefu kuliko maabara. Pata idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, sajili utafiti katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na usaini mkataba wa uhamishaji wa sampuli kabla tone lolote halijavuka mpaka. Ridhaa ya mzazi iwe na kipengele chake cha picha, mbali na sampuli: sura ya mtoto mwenye mukopolisakaridi hutambulika kwa urahisi kijijini kwake, na kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi.

Katika ikisiri, sentensi ya kwanza itaje pengo, ya pili swali, kisha namna watoto walivyochaguliwa, matokeo kwa tarakimu, na mipaka ya kipimo. Usiandike “matokeo yatajadiliwa”. Ikisiri nyingi hukataliwa kwa maneno hayo. Pindi ikikubaliwa, omba barua ya mwaliko siku hiyohiyo kwa ajili ya viza, na uulizie punguzo la ada kwa madaktari walio masomoni. Ukisimama kongamanoni mbele ya bango linaloonyesha utafiti wako, zungumza na wenye maabara kabla ya wenye dawa, na upate majibu ya mambo matatu: nani atalipia usafirishaji, majibu yatarudi kwa mgonjwa baada ya muda gani, na karatasi zitakazobaki zitakuwa mali ya nani.