Rangi ya sebule ijaribiwe ukutani

Mnaopamba nyumba za wateja hapa Mtwara na Lindi, tafadhali rangi isichaguliwe dukani. Chukua kipande cha plaiwudi, kama sentimita 60 kwa 60, kipake mara mbili, kikauke kabisa. Kisha kihamishe ukuta hadi ukuta na mwenye nyumba atazame mwenyewe: asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa zikiwaka. Krimu iliyotulia mchana huiva na kuwa njano kabisa chini ya balbu za mwanga wa njano. Dirisha la kaskazini lichunguzeni zaidi, maana Juni jua letu hupita upande huo. Na kinyago cha mpingo kisiwekwe hapo jamani, jua hukipasua.