SOMO: Mazoezi kama dozi kwa mwenye kisukari, presha au magoti yanayouma

Habari zenu ndugu zangu. Nianze na jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: mazoezi ni dozi, na dozi hiyo huisha nguvu. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) haifanyi kazi yake sawasawa. Ukimaliza, mwili huendelea kuitumia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili hivi, kisha hali hurudi ilikokuwa. Kwa hiyo mwenye kisukari asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kulimbikiza yote Jumamosi hakumsaidii sana.

Hatua ya 1: Jikague. Kama kifua hubana, unazimia, au presha imefika 180/110, usianze. Muone daktari kwanza.

Hatua ya 2: Tembea baada ya kula. Hapa ndipo ninaposisitiza zaidi, kwa sababu sukari hupanda baada ya mlo na misuli ya mapaja ni mikubwa, inakula sukari nyingi. Wiki ya kwanza dakika 10 zinatosha. Ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 30, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Ukiweza kuimba, kaza mwendo.

Hatua ya 3: Misuli, mara mbili kwa wiki. Kaa kwenye kiti, simama bila kujishika, kaa tena. Mara 10, pumzika, rudia. Kisha sukuma ukuta kwa mikono. Toa pumzi unapoinuka. Ukibana pumzi presha hupanda ghafla.

Hatua ya 4: Kagua nyayo. Mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asilisikie. Vaa soksi na viatu visivyobana, na uangalie nyayo kila jioni.

Kwa wale ambao sukari yao iko juu kidogo lakini bado si kisukari, kuna utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002. Waliobadili ulaji, wakapunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, yaani vidonge vya kushusha sukari, asilimia 31. Takwimu hii huwa nairudia kila ninapopata nafasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Natumia insulini. Jana nikiwa natembea nilianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba. Niache?

Jibu: Pole sana. Inaelekea sukari ilishuka. Usiache, ila pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 kwa mashine za mmol/L (au 90 kwa mashine za mg/dL), kula kwanza kitu chenye gramu 15 hivi za wanga. Tembea na glukosi mfukoni. Sukari inaweza kushuka hata usiku wake, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu dozi yako.

Swali: Mama ana magoti yaliyolika. Si atayamaliza kabisa?

Jibu: Hapana. Misuli ya paja ikiwa na nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Atumie kiti kirefu kidogo. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake yanavumilika. Goti likivimba, apunguze.

Swali: Nimefanya miezi mitatu na presha imeshuka. Naweza kuacha vidonge?

Jibu: Usiache mwenyewe, tafadhali. Mazoezi huweza kushusha namba ya juu ya presha kwa pointi 5 hadi 8 hivi, na huenda vidonge ndivyo vinavyoshikilia iliyobaki. Andika vipimo vya wiki mbili, asubuhi na jioni, umpelekee daktari. Yeye ndiye atakayepunguza.

Swali: Natumia atenolol (dawa ya presha inayopunguza kasi ya moyo), mapigo hayapandi hata nikikaza mwendo.

Jibu: Ndivyo dawa hiyo inavyofanya kazi. Achana na saa ya kuhesabu mapigo, tumia kipimo cha kuongea.