Udongo wa mizizi kutoka Lushoto hadi Dar bila kuharibika

Mdogo wangu mmoja anaandaa tasnifu. Anataka kujua bakteria na fangasi wa kwenye mizizi ya Prunus africana, ule mti ambao gome lake ni dawa ya tezi dume, wanabadilikaje kadiri unavyopanda mlima. Niliyomwambia ni haya.

1. Kibali. Kiombe COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), hata kama unachukua kiganja cha udongo tu.

2. Vituo. Angalau mwinuko wa aina tatu, upande uleule wa mlima. Upande unaopigwa na upepo wa bahari hupata mvua zaidi. Ukichanganya pande, hutajua kama umepima mwinuko au mvua.

3. Kuchimba. Fuata mzizi kuanzia shinani hadi kwenye vimizizi vyembamba, usije ukabeba mizizi ya mti jirani. Kung'uta. Udongo unaodondoka uache, unaotaka ni ule uliong'ang'ania, unene wa milimita moja au mbili. Chukua na udongo wa pembeni usio na mizizi, wa kulinganishia.

4. Ubaridi. Hapa ndipo kazi za watu wengi hufia. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Udongo uliozoea baridi ya mita 2,000 ukiuacha kwenye buti la basi mpaka Mbezi, bakteria wapenda joto watazaliana, wengine watakufa, na maabara itakusomea safari ya basi badala ya mlima. Kwa hiyo:

Gawa sampuli hukohuko msituni. Ya DNA itie kwenye kimiminika cha kuihifadhi. Ya kuotesha bakteria na fangasi maabara ikae nyuzi 4 hivi, isigande, maana kuganda na kuyeyuka hupasua seli. Ifunge kwa gazeti isiguse barafu. Mimi nataka deli gumu na chupa za maji yaliyogandishwa. Barafu ya mifuko huvuja, maji yakaingia kwenye vichupa. Weka kipimajoto ndani. Panda basi la alfajiri, deli likae miguuni pako. Konda akidai nauli ya deli, lipa. Na ukifika Mbezi bado kuna foleni ya Kimara.

5. Maabara. Pima pH kwanza, udongo sehemu 1 kwa maji 2.5. Mara nyingi pH ndiyo inayoamua bakteria gani wawepo kuliko mita za mwinuko zenyewe. DNA: soma kipande kiitwacho 16S kwa bakteria, ITS kwa fangasi, ndivyo vinavyotambulisha aina zao. Za kuotesha ziweke nyuzi 20 hivi. Inkubeta ya nyuzi 37 ni ya vimelea vya wagonjwa.