Jinsi ya kujichora kwa alama za asili, mimi mwalimu wa sanaa wa Bagamoyo ninavyofanya

Picha ya kujichora kwa alama ni picha yako wewe mwenyewe, ila kazi ya kumwambia mtu wewe ni nani haiachiwi pua na macho peke yake, inabebwa na mti au mnyama au maji au kitu chochote cha asili ulichokiweka pale kwa makusudi. Nafundisha sanaa hapa Bagamoyo na hii ndo kazi naipenda kuliko zote ninazowapa wanafunzi, na mimi mwenyewe naichora tena na tena mana mtu anabadilika. Sasa naandika ninavyoifanya ili na wewe ujaribu, hata kama toka shule ya msingi hujashika brashi.

Kabla ya penseli yoyote kuna jambo moja, na ukilikosa hili picha nzima inakuwa pambo tu. Watu wengi ukiwaambia wachague alama wanakimbilia simba kwa sababu simba ni shujaa, tai kwa sababu anaona mbali, waridi kwa sababu ni mapenzi. Simba mwenyewe wengi wamemuona kwenye noti ya elfu mbili. Hiyo maana ameshaivaa kila mtu, haikuhusu wewe. Chagua kiumbe ulichokikalia ukakitazama kwa macho yako, alafu usiangalie sifa zake, angalia anafanya nini. Anakula wapi, maji yakija anakwenda wapi, kiangazi anakuwaje. Alama yako inatoka kwenye tabia yake.

Mimi nimejichora kwa mchu, mti mmoja wa kundi la mikoko inayoota kwenye tope la bahari. Ukishuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, ukaenda upande wa mikoko, utauona, majani yake juu kijani chini yanaelekea rangi ya fedha, na kuzunguka shina lote kwenye tope kuna mizizi imesimama wima kama penseli zilizochomekwa. Ile ni mizizi ya kupumulia, mana tope la pale halina hewa kwahiyo mti unatoa pumzi zake nje. Alafu inamia, lamba jani moja hapo hapo lilipo mtini bila kulichuma. Utasikia chumvi. Mchu unaishi kwenye maji ya bahari, chumvi inayoingia ndani unaitoa kwenye majani, kila siku, na bado unaota. Nilivyolamba lile jani nikajua ndio mimi, mwalimu anapokea mambo mengi ya watoto wa watu, ya nyumbani kwao, njaa, misiba, yote yanaingia na lazima uwe na mahali pa kuyatolea ili kesho usimame tena mbele ya darasa. Kwahiyo kwenye picha yangu ile mizizi inachomoza kwenye mabega, na chumvi iko kwenye mikono, kwenye migongo ya vidole, kwa sababu mimi yangu nayatolea kwenye kuchora.

Wewe unaweza usiwe mchu kabisa. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama umesimama juu ya miguu mingi, mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwa mama, inarefuka kabisa ndo inadondoka, hiyo inamfaa mtu aliyelelewa na bibi yake mpaka akaweza kusimama. Mbuyu, nenda kautazame ule mkubwa pale magofu ya Kaole jirani na Bagamoyo, kiangazi unapukutisha majani yote na watu wanaona umekufa kumbe maji umeyaweka kwenye shina, na maua yake yanafunguka jioni, popo ndo wanayatembelea usiku. Nani anafanya kazi zake nzuri wakati wengine wamelala? Huyo mbuyu wake. Kuna wale kaa wadogo wa kwenye tope, dume ana gando moja kubwa limemzidi mwili na lingine dogo la kulia chakula. Kuna kasa, jike akikua anarudi kutaga kwenye eneo lile lile la pwani alikoanguliwa, sijui nieleze vipi hii kwa mtu aliyeondoka kwao akarudi, inajieleza yenyewe.

Tahadhari moja hapa, mikoko nchi nzima ni msitu wa hifadhi, kukata bila kibali ni kosa, na makombe yaache ufukweni mana kuna wadudu wanahamia mle. Chora hapo hapo ulipo au piga picha na simu, jani lililoanguka okota.

Ukishapata kiumbe chako kaa chini uandike sentensi zinazoanza na "mimi ni yule" alafu malizia na kitendo, sio sifa. "Mimi ni mvumilivu" haichoreki, utaichoraje? Lakini "mimi ni yule nakunywa chumvi na kuitoa" hiyo inachoreka, tayari unajua kuna mdomo, kuna chumvi, kuna mahali inapotokea. Andika nyingi, chagua moja. Moja tu jamani, mwanafunzi akiniletea picha ina kasa na mbuyu na kaa na mwezi na ndege namrudisha, hapo hajasema kitu.

Vifaa havina haja ya kukuumiza kichwa: manila au karatasi yoyote nzito ukubwa wa A3, penseli HB ya kuanzia na 4B au 6B ya giza, raba, kioo, kipande cha mkaa. Kaa karibu na dirisha mwanga ukupige upande mmoja, usichore kwa taa ya juu inafanya uso wote uonekane bapa. Vipimo vya uso ni vile vile kwa watu wengi, macho yako katikati ya kichwa, yaani kutoka utosini mpaka kidevuni macho yanakaa nusu (wengi wanayapandisha juu mno wanasahau paji na nywele zina nafasi yake), chini ya pua ni kama nusu ya kutoka machoni kwenda kidevuni, na kati ya jicho na jicho panatosha jicho jingine. Chora hafifu, usikandamize.

Sasa hapa ndo penye utamu, namna ya kuunganisha wewe na kile kiumbe. Unaweza kukivaa, mfano majani yakawa kilemba. Unaweza kukizungushia nyuma yako. Au unaweza kuota, mwili wenyewe unageuka kuwa kile kitu, na mimi nakushauri hii ya tatu ingawa ni ngumu, kwa sababu kilichovaliwa kinavulika na kilichoota hakiondoki. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, ambaye ajali ya basi ya mwaka 1925 ilimwachia maumivu maisha yake yote, mwaka 1946 alijichora kichwa ni chake na mwili ni wa paa aliyechomwa mishale, na uso wake pale hata haulii, umetulia unakuangalia. Hajamweka paa pembeni yake akasimama naye. Amekuwa yeye.

Siri ya kuota iko kwenye maungio, pale ngozi inapoisha na gome kuanza. Usipige mstari pale. Ukipiga mstari umeshavaa tena. Fanya hivi: chukua eneo la upana wa vidole vitatu vinne, mfano shingoni, kwanza chora misuli ya shingo inavyoshuka kwenda kwenye mtulinga, alafu mistari ya gome ifuate njia ile ile ya misuli, isikate kwa upande. Anza juu na mistari michache hafifu sana, mtu anaweza kudhani ni mikunjo ya ngozi, kadri unavyoshuka ongeza giza na ukaribu wa mistari mpaka chini ni gome tupu. Kivuli nacho kiendelee bila kukatika, kama mwanga unatoka kushoto basi upande wa kulia wa shingo na wa kulia wa shina vyote viwe giza. Lainisha kwa kidole pale katikati tu. Nimeona picha nyingi zenye uso mzuri na mti mzuri zimekufa kwa sababu ya sehemu hii ndogo, kwahiyo ijaribu kwanza kwenye karatasi ya pembeni mpaka mkono uzoee.

Rangi za dukani sawa, ila kama picha inahusu asili ya huku tumia na ardhi yenyewe ya huku. Udongo mwekundu ukaushe, uponde, uchekeche kwa kitambaa cha nguo nyepesi, changanya na gundi nyeupe ya maji na matone ya maji mpaka udondoke taratibu kwenye brashi, unapata kahawia nzuri ya gome. Manjano ya jikoni inatoa njano kali na ukiitia magadi kidogo inageuka kuwa nyekundu ya kutu, ila jua linaila haraka. Choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, ikichemshwa ni nyekundu, ukiikamulia limau inazidi kuwaka, ukiitia magadi inakimbilia bluu na kijani, hii watoto wanaipenda mno. Mkaa unga wake ndo weusi.

Kuna wanafunzi ambao nyumbani hawapendi kuchora sura ya mtu kwa ajili ya dini, na hilo naliheshimu kabisa, simlazimishi mtu. Jichore bila uso. Chora mikono yako tu, au mgongo, au panga picha kama kanga: pindo pande zote nne ni pale unapoishi, mawimbi, makuti, mizizi, na mji wa katikati unaweka kile kiumbe chako, alafu pale pa jina unaandika ile sentensi yako ya "mimi ni yule". Baadhi ya picha nilizozipenda kuliko zote zilikuwa hizi na hazina jicho hata moja.

Ukimaliza muoneshe mtu anayekujua vizuri, mama, jirani, rafiki, na usimwelezee kitu. Muulize tu huyu anafanya nini. Akisema "anapumua kwa mabega" umefika. Akisema "umependeza" rudi kwenye maungio uangalie tena, au rudi kwenye sentensi, huenda uliandika sifa.

Kama umetumia mkaa puliza spree ya nywele kwa mbali mara mbili tatu ili usifutike, iache ikauke. Huku pwani unyevu ni adui wa karatasi kwahiyo gandisha nyuma yake kadibodi, usiitundike ukuta unaopigwa na jua wala ulio karibu na jiko, na nyuma andika tarehe, kiumbe gani na ulimuona wapi, ukijichora tena mwakani utataka kujua.