Miti katika Vihamba Vilivyopuliziwa Mrututu kwa Miaka Mingi

Mkulima wa Machame, Kibosho au Arumeru, kaskazini mwa Tanzania, anayeng'oa mibuni mizee kihambani (shamba linalozunguka nyumba) ili apande maharage au mboga huweza kukuta mimea imedumaa, mizizi yake ni mifupi na minene, na majani machanga yamepauka huku mishipa ikibaki ya kijani. Sababu ni nyingi, lakini pale ambapo mrututu na dawa nyingine za shaba zilipulizwa kila msimu kwa miongo kadhaa dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, shaba iliyolundikana udongoni ni ya kuchunguzwa mapema. Shaba haiozi, wala mvua haiisombi kirahisi kwenda chini. Hushikamana na mboji na mfinyanzi, ikabaki katika sentimita 20 hadi 30 za juu.

Wakulima wengi huambiwa wapande miti ili "inyonye sumu". Huko Ulaya miti ya mierebi na mipopla hupandisha metali za kadimiamu na zinki hadi kwenye majani, ila metali za shaba na risasi hubaki zaidi mizizini. Tupige hesabu ya mfano. Udongo wa ekari moja kwa kina cha sentimita 20 una uzito wa karibu kilo milioni moja. Kila kilo ikiwa na miligramu 100 za shaba, ekari hiyo ina kilo 100. Tani 2 za majani makavu yenye miligramu 20 kwa kilo, hata yakizolewa yote, yataondoa gramu 40 tu kwa mwaka.

Kwa hiyo tunapanda mti ili uitulize shaba mahali ilipo. Mizizi huzuia udongo wa mteremkoni usiporomokee kwenye mfongo (mfereji wa maji) unaonywesha mashamba ya chini, na majani yanayooza huongeza mboji inayoifunga shaba isifike kwenye mizizi ya mazao. Mringaringa na mfuruanje ni miti inayofaa sana kwa sababu wenyeji wanaijua, na mfuruanje huongeza naitrojeni. Mgrivea unafaa mipakani na kwa mbao. Ukiupanda kama kishamba cha miti, acha mita 3 kwa 3. Panda mwanzoni mwa masika, na kila shimo lipate samadi iliyoiva.

Kabla ya yote, pima udongo. Chukua sampuli chini ya mibuni ya zamani, katikati ya mistari, na mahali pasipowahi kupuliziwa dawa, kila moja peke yake, kwa ndoo ya plastiki, kwa kuwa ndoo ya bati huchafua sampuli kwa zinki. Omba kipimo cha shaba pamoja na cha uchachu: pH ikishuka chini ya 5.5 shaba hulegea na kudhuru mizizi, na hapo chokaa hufanya kazi haraka kuliko mti wowote. Kiasi cha chokaa kifuate majibu ya maabara.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni malisho. Kondoo huathirika zaidi kwa shaba kuliko ng'ombe na mbuzi, kwa sababu ini lake huilimbikiza kidogo kidogo hadi siku linaposhindwa, naye hufa ghafla. Usimkatie kondoo wa zizini nyasi zenye udongo kutoka kwenye kipande hicho, wala usipande humo mlusina wa kumlishia.

Mibuni inayobaki ipunguziwe dawa hizo. Aina chotara zilizotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo huhimili chulebuni na kutu ya majani, na mkulima anayezipanda hana sababu ya kurudia mrututu kila msimu.