SOMO: Kutengeneza kifaa tiba kwa wahandisi wa nje, kuanzia wazo hadi sokoni

Wakuu, somo hili ni la yule mwenye wazo la kifaa tiba lakini hana wahandisi wake: daktari, muuguzi, mtafiti, au kampuni changa ya watu watatu. Njia ya kawaida ni kuipa kazi kampuni ya uhandisi ikusanifie. Njia hiyo inafaa, ila shika jambo moja kabla ya yote: jina lililoko kwenye lebo ndilo litakaloitwa siku mgonjwa akidhurika. ISO 13485, kiwango cha mfumo wa ubora kwa vifaa tiba, kinasema wazi kwamba ukimpa mtu wa nje kazi inayogusa ubora wa kifaa, wajibu unabaki kwako. Kwa hiyo katika kila hatua jiulize: wahandisi hawa wakiondoka kesho, mimi nabaki na nini mkononi?

Nitatumia mfano mmoja, kipima oksijeni cha kidoleni, kile kinachobana kidole na kusoma oksijeni ya damu kwa mwanga mwekundu na wa infraredi.

Hatua ya 1: Andika kifaa ni cha kazi gani, kwa nani, wapi

Sentensi mbili au tatu zinatosha, na uziandike mwenyewe kabla hujampigia mhandisi yeyote. "Kusoma oksijeni ya mtu mzima anayepita kliniki" na "kumfuatilia mtoto njiti usiku kucha na kupiga kengele" ni vifaa viwili tofauti, hata kama bodi ya saketi ndani ni ileile. Maneno hayo ndiyo yanayoamua daraja la hatari, na daraja ndilo linaloamua gharama na muda.

Marekani kuna madaraja matatu, I, II na III. Vifaa vingi vya daraja la II hupita njia ya 510(k): unaonyesha kuwa kifaa chako kinalingana kimsingi na kingine ambacho tayari kiko sokoni kihalali. Daraja la III kwa kawaida hudai idhini ya PMA, yaani idhini kamili kabla ya kuuza, yenye ushahidi mzito wa kitabibu. Kifaa kipya kisicho na cha kukilinganisha nacho, lakini hatari yake si kubwa, kina njia ya De Novo. Umoja wa Ulaya una I, IIa, IIb na III chini ya kanuni ya 2017/745, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021. Huko, ukiacha sehemu kubwa ya daraja la I, lazima shirika huru lililoteuliwa likukague kabla hujabandika alama ya CE, ile inayokuruhusu kuuza Ulaya.

Halafu, FDA, mamlaka ya Marekani inayotoa vibali vya dawa na vifaa tiba, hupokea maswali yako kabla hujawasilisha maombi, na haitozi ada kwa hilo. Nashangaa wanaomlipa mshauri akisie jibu ambalo mwenye kutoa kibali yuko tayari kulitoa mwenyewe.

Hatua ya 2: Geuza mahitaji ya mtumiaji yawe vipimo

"Kiwe chepesi na kisome vizuri" ni matamanio. Mhandisi hawezi kuyapima, na usichoweza kukipima huwezi kukikataa siku ya makabidhiano. Andika uzito usiozidi gramu ngapi, kianguke kutoka urefu gani bila kuharibika, betri idumu saa ngapi, kosa la usomaji lisizidi asilimia ngapi, na kwa watu gani.

Hilo la "kwa watu gani" si dogo. Rangi ya ngozi hufyonza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, ambao kipima cha kidoleni hakikuuona, ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Mwongozo wa FDA wa 2013 ulitaka majaribio yawe na angalau watu 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi sana wawe 2 au asilimia 15, kutegemea ipi ni kubwa. Watu wawili! Kama vipimo vyako havisemi lolote kuhusu ngozi, mhandisi atatimiza kiwango cha chini na hatakuwa amevunja mkataba. Anayejua wagonjwa watakuwa akina nani ni wewe.

Hatua ya 3: Chagua mshirika

Cheti cha ISO 13485 kisikutoshe kwa kuona nembo. Soma upeo wake. Vingine vinahusu uzalishaji pekee, na wewe unataka usanifu. Omba kuona jalada la usanifu la mradi mmoja uliopita, majina ya mteja yakiwa yamefichwa. Zungumza na mteja ambaye kifaa chake kilifika sokoni, si yule aliyeishia kwenye sampuli nzuri ya maonyesho. Uliza nani hasa atakaa mezani na kazi yako, kwa sababu wanaokuja kwenye kikao cha kwanza mara nyingi si wao. Mkielewana, anzeni na kazi ndogo ya kulipwa, kwa mfano kupima kama kihisi (sensa) ulichokifikiria kinaweza kufanya kazi kweli. Utajifunza tabia yao kwa bei nafuu.

Hatua ya 4: Mkataba

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miliki bunifu kwanza. Katika nchi nyingi, mkandarasi aliyeandika msimbo wa programu ndiye mwenye hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Kulipa ankara hakuhamishi kitu. Kisha tenganisha walichokuja nacho na kilichozaliwa ndani ya kazi yako. Kampuni za uhandisi zina msimbo na saketi zao wanazozitumia kwa wateja wengi. Hawatakupa umiliki wake, na si haki kuudai. Dai leseni ya kudumu, isiyo na malipo ya ziada, ya kuvitumia na kuvirekebisha ndani ya kifaa chako, hata kupitia mhandisi mwingine. Waviorodheshe kabla ya kuanza.

La pili ni mafaili. Andika kwamba kila awamu ikiisha unapokea msimbo chanzo (source code) pamoja na zana za kuujengea, yaani kuugeuza kuwa programu inayofanya kazi, michoro inayoweza kuhaririwa, mafaili ya bodi ya saketi, na orodha ya vijenzi yenye jina la mtengenezaji na namba ya kila kimoja. Mchoro wa PDF utauangalia tu, hutaweza kuurekebisha. Na isiwe "mwisho wa mradi", maana miradi mingi haina mwisho rasmi, hufifia.

Malipo yafuate kazi iliyokabidhiwa. Awamu ya utafiti ilipwe kwa saa, kwa sababu hakuna ajuaye itafika wapi, na ukilazimisha bei moja watakata kona. Baada ya vipimo kutulia, bei moja inawezekana.

Tengeneza pia makubaliano ya ubora, hati ya peke yake, inayosema nani anaidhinisha mabadiliko, nani anatunza kumbukumbu, nani anajibu malalamiko, na kwamba una haki ya kuwakagua. Mimi mkataba wowote huanza kuusoma kwenye kifungu cha kuvunjika kwake. Kikiwa chepesi, mengine yote yana walakini.

Hataza (patent): wasilisha ombi kabla hujaonyesha kifaa hadharani. Marekani inakupa miezi 12 ya neema baada ya wewe mwenyewe kukitangaza. Ulaya, bango moja la mkutano linatosha kuua ombi lako.

Hatua ya 5: Hatari, tangu siku ya kwanza

Kiwango cha kusimamia hatari za vifaa tiba ni ISO 14971, toleo la sasa ni la 2019. Wengi huiacha kazi hii mwishoni wakaijaza kama fomu. Kumbukeni Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani: kati ya 1985 na 1987 ajali sita za kuzidisha dozi zilitokea, na wagonjwa wakafa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya kimakanika. Hii ilivitoa ikaiachia programu ulinzi huo, na programu ilikuwa na kasoro ambazo vizuizi vya zamani vilikuwa vikizificha.

Kwa kipima oksijeni chetu, kuzimika si hatari kubwa. Muuguzi ataona na kuchukua kingine. Hatari ni namba isiyo sahihi inayoonekana ya kawaida. Mhandisi anajua kihisi hufeli mara ngapi, muuguzi anajua kinachompata mgonjwa kikifeli. Wakae meza moja. Usikubali jedwali la hatari lililoandikwa na wahandisi peke yao.

Hatua ya 6: Sampuli, mapitio, kugandisha usanifu

Kila awamu ina kikao cha mapitio chenye kumbukumbu zilizosainiwa, na awepo mtu mmoja asiyehusika moja kwa moja na awamu hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari: sababu ya kuchagua kihisi hiki na si kile ikibaki kichwani mwa mhandisi, ataondoka nayo. Usanifu ukishagandishwa, badiliko lolote lipite kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Majaribio

Maswali ni mawili na hayajibiwi na jaribio moja. Je, kifaa kimetimiza vipimo tulivyoandika? Je, mtumiaji halisi, mahali halisi, anafanikiwa nacho? La kwanza linajibiwa maabara: usalama wa umeme kwa IEC 60601-1, mwingiliano wa mawimbi kwa IEC 60601-1-2, usalama wa plastiki inayogusa ngozi kwa ISO 10993, programu kwa IEC 62304. La pili linahitaji watu. FDA hupendekeza angalau 15 kwa kila kundi la watumiaji. Vifaa vya majaribio ya mwisho vitengenezwe kwa namna ileile vitakavyotengenezwa kiwandani, la sivyo umepima kitu ambacho hutakiuza.

Hatua ya 8: Kuhamia kiwandani

Aliyesanifu si lazima awe mzalishaji. Gamba lililochapishwa kwa printa ya 3D linaweza kuwa na umbo ambalo halitoki kwenye moldi ya plastiki, kwa hiyo mzalishaji aitwe kabla ya kugandisha usanifu. Mashine zake zithibitishwe kwamba zimefungwa sawasawa, zinafanya kazi katika mipaka iliyowekwa, na zinatoa matokeo yaleyale siku baada ya siku.

Hatua ya 9: Soko

Kibali si mteja. Atakayekitumia, atakayekichagua na atakayelipa mara nyingi ni watu watatu tofauti, na wa tatu ndiye anayesahauliwa. Ukishauza, saa inaanza kuhesabu: Marekani mtengenezaji ana siku 30 kuripoti kifo au jeraha kubwa linaloweza kuwa limesababishwa na kifaa, Ulaya ni siku 15 kwa tukio kubwa, 10 kwa kifo, na 2 kwa tishio kubwa kwa afya ya umma. Mshirika wako anayejibu barua pepe baada ya wiki mbili atakuponza. Muda wa kujibu uwe ndani ya makubaliano ya ubora.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kampuni ya uhandisi imeniambia ina ISO 13485, kwa hiyo mimi sihitaji mfumo wangu. Kweli?

Si kweli kama jina lako ndilo liko kwenye lebo. Tena tangu tarehe 2 Februari 2026 kanuni ya ubora ya FDA imejengwa juu ya ISO 13485:2016, kwa hiyo mfumo mmoja unakusaidia pande zote mbili. Wako unaweza kuwa mdogo: jinsi unavyochagua na kusimamia wakandarasi, jinsi unavyoidhinisha mabadiliko, malalamiko, kumbukumbu. Usinakili wa kwao wenye kurasa mamia. Mkaguzi atakuuliza unavyoufuata, utakwama.

Wanataka hisa badala ya pesa. Nikubali?

Inawezekana, hasa kama huna mtaji, lakini zitoke kidogo kidogo kadiri awamu zinavyokamilika, na uhamisho wa miliki bunifu usitegemee hisa hizo. Mimi husita kwa sababu nyingine: unamlipa mhandisi ili akuambie ukweli wazo linapogoma, na mwenye hisa ana sababu ya kuendelea kutumaini.

Mwalimu, mimi nina programu ya simu tu, inasoma picha ya ngozi na kusema kama ni hatari. Haya yote yananihusu?

Ndiyo, dada. Kinachoangaliwa ni kazi iliyokusudiwa. Ulaya, programu inayotoa taarifa za kufanyia uamuzi wa uchunguzi au matibabu huanzia daraja la IIa, na hupanda kulingana na madhara ya kukosea.

Tuko katikati ya mradi na wamegoma kutoa msimbo chanzo, wanasema mpaka malipo ya mwisho. Mkataba haukusema kitu.

Usisimamishe malipo kwa hasira, utawapa sababu. Pendekeza nyongeza ya mkataba: unalipa awamu iliyokamilika, wao wanakabidhi kila kitu cha awamu hiyo. Wakikataa, msimbo uwekwe kwa mtu wa tatu mnayemwamini wote, wenye masharti ya lini unaachiliwa. Ukishaupata, mpe mhandisi mwingine aujenge kutoka mwanzo kwenye kompyuta safi. Usipojengeka, hujakabidhiwa.

Kifaa kiko sokoni mwaka wa pili, kiwanda cha kihisi kinaacha kukitengeneza. Nani anagharamia?

Wewe, kaka, isipokuwa mkataba umesema vingine. Agiza haraka akiba ya mwisho inayotosha muda wa kusanifu upya. Kisha fungua jedwali la hatari uone kihisi hicho kimeguswa wapi: kwa kipima oksijeni, kihisi kipya kinamaanisha kurudia majaribio ya usahihi kwa watu, na Marekani huenda ukahitaji 510(k) mpya. Kama sababu za kuchagua kihisi cha kwanza ziliandikwa, mhandisi yeyote ataanzia hapo. Kama hazipo, mtafute aliyekichagua kabla hajabadilisha namba ya simu.