Kufufua Subaru Forester ya Zamani: Tairi Kwanza, Gia Boksi Baadaye

Maelezo haya yanahusu Forester za toleo la kwanza, zile za 1997 hadi 2002, zenye gia otomatiki. Nimeyaandika baada ya kumsaidia jirani mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, ambaye tayari alikuwa ameshauriwa kununua gia boksi nyingine, ilhali gari lake lilihitaji tairi.

Hatua ya 1: Kutu
Inua gari, kisha mulika matao ya magurudumu ya nyuma na mahali shokapu za nyuma zinapofungwa kwenye bodi. Wengi hulilaumu ziwa, lakini maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Mara nyingi kutu hiyo gari limekuja nayo kutoka Japani, kwenye maeneo ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Bati linalotoboka kwa bisibisi likatwe na kuchomelewa jingine, kwa kuwa puti huficha tu.

Hatua ya 2: Injini
Badilisha mkanda wa taimingi, roli zake na pampu ya maji kwa pamoja, hata kama muuzaji anaapa kwamba vilibadilishwa juzi.

Hatua ya 3: Gari linalobana kwenye kona
Tafuta lami kavu iliyo tambarare, kata usukani hadi mwisho, kisha uende polepole sana. Usijaribu kwenye njia za vumbi na mawe za Isamilo au Igoma, kwa sababu huko tairi huteleza kidogo na kuuficha ugonjwa. Gari likisita na kurukaruka kana kwamba breki ya mkono haijaachiwa, magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambayo yote huendeshwa na injini kwenye gari hili, yanapingana.

Kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayetaja gia boksi, jaza upepo sawasawa, chukua tepu ya fundi cherehani na uzungushe kila tairi katikati ya uso wake. Tofauti kati ya tairi zote nne isizidi milimita 6 hivi. Kipimo hicho ni kidogo kuliko kinavyosikika: kashata (vinundu vya uso wa tairi) zikipishana kimo kwa milimita 1 tu, mzunguko hupishana kwa zaidi ya milimita 6, na zikipishana kwa milimita 3, mzunguko hupishana kwa karibu milimita 19. Kwa hiyo kufunga tairi mbili mpya mbele na kubakiza za zamani nyuma, jambo ambalo ni la kawaida kwa magari mengine, hapa ni kuzichosha klachi za ndani ya gia boksi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mimi sikubali mtumba wa kuchanganya. Nunua nne za chapa moja na muundo mmoja, au subiri mpaka fedha itimie.

Tairi zikiwa sawa na gari bado linabana, fungua boneti, tafuta kishikizo kilichoandikwa FWD (kuendeshwa na magurudumu ya mbele pekee) na uchomeke fyuzi ya akiba ili klachi hizo ziachie, kisha urudie jaribio. Kubana kukiisha, klachi bado zinaachia, na ukaguzi uhamie kwenye hydroliki na umeme wa gia boksi. Kusipoisha, tatizo huwa ni solenoidi (vali ya umeme) ya klachi hizo au klachi zenyewe. Zote zimo kwenye mkia wa gia boksi, ambao hufunguliwa gari likiwa limeinuliwa. Fundi anayesisitiza kuishusha gia boksi nzima kwa kazi hiyo, muage kwa heshima.

Hatua ya 4: Oili
Gia boksi hii ina oili mbili zisizochanganywa: ATF nyekundu, yaani oili ya gia otomatiki, na oili ya difu ya mbele, ya daraja la GL-5 na uzito wa 75W-90, ambayo ina kijiti chake cha kupimia upande wa pili. Thibitisha rangi ya kinachotoka kabla hujajaza. Kumwaga mara moja hutoa chini ya nusu ya ATF, hivyo mwaga, jaza, endesha, kisha urudie mara mbili.

Hatua ya 5: Kuinua gari
Kwa barabara zetu za milimani, spesa (vipande vya kuinulia vinavyowekwa juu ya shokapu) za sentimita 3 zinatosha. Ukizidisha sana, sivi jointi (viungo vya ekseli zinazozungusha magurudumu) hufanya kazi kwa pembe kali na mipira yake huchanika mapema. Kama shokapu za nyuma ni zile zinazojisawazisha zenyewe na unataka za kawaida, badilisha na springi zake, kwani springi za awali ni dhaifu na gari litalala nyuma. Ukishafunga kila kitu, peleka gari kwenye alaimenti, la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja na vipimo vya hatua ya 3 vitaharibika tena.